Shule za Garsen zipewe wauguzi kabla Tana haijafurika tena

Mto Tana ulipovunja kingo zake Aprili 2024, kwa mara ya pili katika muda wa miezi sita, Wizara ya Elimu iliahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili nchini kote kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Kwa watoto wengi wa Kenya hizo zilikuwa siku za ziada za likizo. Kwa mtoto wa Tana Delta mambo yalikuwa mengine. Maji yakipanda huku, vyoo vya shimo hufurika, visima huchafuka, na madarasa yaliyo kwenye miinuko huwa makao ya familia zilizohama. Kufikia Mei mwaka huo makumi ya wagonjwa wa kipindupindu walikuwa wamethibitishwa katika Kaunti ya Tana River.

Kengele ya shule ilipolia tena, nani alikuwa na jukumu la kuhakikisha maji ya kunywa ni salama? Nani alipaswa kumtambua mapema mtoto anayeharisha, au kuwafundisha mamia ya wenzake kunawa mikono pale ambapo sabuni haipo? Kwa utaratibu uliopo, jibu ni mwalimu, yule yule wa Hisabati na Kiswahili. Shule ya msingi ya umma ya kutwa nchini Kenya haina muuguzi wake. Tume ya Huduma za Walimu huajiri walimu, na kaunti huajiri wauguzi kwa ajili ya hospitali na zahanati. Katikati ya hao wawili mtoto hutumia sehemu kubwa ya siku yake bila mtu wa afya anayewajibika kwake.

Tunapiga mbiu kwa sababu pengo hili limezoeleka mno hata halishtui tena. Gazeti hili linashikilia kwamba wauguzi wa kuifanya kazi ya kukuza afya shuleni wapo na wako tayari. Kinachokosekana ni cheo, mshahara na amri iliyoandikwa. Tana River, na hasa jimbo letu la Garsen huku Delta, haina nafasi ya kuendelea kungoja.

Kuna wanaodhani tatizo ni wauguzi wenyewe, ati wamezoea sindano na vidonge na hawataki kusimama mbele ya darasa. Dhana hiyo haina uzito. Tazama nani hubeba kisanduku cha baridi cha chanjo hadi shuleni. Ni muuguzi wa zahanati, ambaye siku hiyo amefunga mlango wa zahanati au amemwachia mwenzake foleni ya kina mama na watoto wachanga. Serikali ilipozindua mjini Mombasa, Oktoba 2019, chanjo ya kuwakinga wasichana wa miaka 10 na saratani ya mlango wa kizazi, wauguzi ndio walioipeleka mashinani na kukabiliana na uvumi kwamba inaharibu uzazi. Miezi mitano baadaye shule zilifungwa kwa sababu ya Covid-19, na wao ndio waliobaki kuwatafuta wasichana hao mitaani. Kazi hiyo haikuandikwa kama kazi ya muuguzi wa shule. Waliifanya kwa sababu waliiona kuwa ni yao.

Ni kweli pia kwamba wako wanaosita, na wana sababu. Mchukue muuguzi wa shule ya bweni ya sekondari. Mwajiri wake ni bodi ya usimamizi wa shule, na mshahara wake hutegemea karo ambayo mara nyingi huchelewa. Mkataba wake hauna ngazi ya kupanda vyeo, hivyo muuguzi aliyehitimu pamoja naye akaajiriwa na kaunti atampita kwa cheo na kwa pensheni. Huwaangalia wanafunzi mamia peke yake. Mchana anapima malaria, anafunga vidonda, anamhifadhia mwanafunzi dawa zake za kila siku kwa siri. Usiku anaamshwa kwa sababu ya mwenye pumu. Halafu mtu anatoka ofisini na kumwambia kwamba tangu leo yeye pia ni mhamasishaji wa lishe, usafi, afya ya akili na afya ya uzazi, bila kipindi kwenye ratiba, bila vifaa na bila shilingi. Akikataa, anaambiwa hana moyo wa kujitolea. Kusita kwake ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali kuhusu wauguzi wa shule hurudia jambo hili: wengi wanaitaka kazi ya kukuza afya, na wanakwamishwa na ukosefu wa muda, mafunzo na uungaji mkono wa wakuu wao.

Chanzo cha mkwamo wetu kimo ndani ya Katiba yenyewe, au tuseme ndani ya uvivu wetu wa kuitekeleza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti huduma za afya na kuiachia serikali ya kitaifa elimu ya msingi, isipokuwa ile ya chekechea. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 kila upande umekuwa ukimwonyesha kidole mwenzake kuhusu mtoto mgonjwa aliye darasani. Na hatujakosa karatasi. Tulikuwa na Sera ya Afya ya Shule mwaka 2009, tukaitengeneza upya mwaka 2018, ikagusa maji na usafi, lishe, kinga ya maradhi, haki za mtoto na mahitaji maalumu. Juni 2021, Shirika la Afya Duniani na UNESCO walipotoa viwango vya kimataifa vya shule zinazokuza afya, Kenya ilitajwa miongoni mwa nchi tano za kwanza za kuvitumia, pamoja na Botswana, Misri, Ethiopia na Paraguay. Heshima hiyo tuliipokea. Mzazi wa kijiji cha Ozi au cha Danisa ana haki ya kuuliza imemfikia wapi.

Kichocho kinalieleza pengo hili kati ya karatasi na darasa kuliko maradhi mengine yoyote. Ugonjwa huu ni wa Tana kama embe lilivyo la Ngao. Mradi wa umwagiliaji wa Hola, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Mau Mau, na ule wa Bura uliofuata miongo miwili baadaye, ilileta mifereji ya maji yaendayo polepole, na humo ndimo konokono anayebeba vimelea apendapo kuishi. Huku chini Delta, konokono hahitaji hata mfereji. Mabwawa yanayoachwa na mafuriko yanamtosha. Mtoto mwenye vimelea hukojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono, kisha vinatoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya mtoto mwingine anayeoga, anayevua samaki au anayevuka kwenda shule. Baada ya wiki kadhaa, mkojo unatoka na damu. Akiachwa hivyo kwa miaka, kibofu na figo huharibika. Kwa msichana vimelea huweza kuleta vidonda katika njia ya uzazi, ugumba, na hatari zaidi ya kuambukizwa VVU. Wasichana wa namna hiyo mara nyingi hushukiwa kuwa na magonjwa ya zinaa, wakaaibishwa na kunyamaza.

Dawa yake, prazikwanteli, ni ya bei ya chini na hufanya kazi. Tangu 2012 mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za minyoo shuleni, ambao Pwani ni sehemu yake, umewategemea walimu. Mwalimu humsimamisha mtoto kando ya kijiti cha kupimia urefu, akahesabu vidonge kulingana na alama aliyofikia. Walimu wameifanya kazi hiyo kwa uaminifu na wanastahili shukrani ya taifa. Lakini prazikwanteli inataka mtoto awe amekula kwanza. Inaweza kumletea kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya tumbo, na katika shule ambayo watoto wamekuja bila kifungua kinywa mambo hayo hutokea. Mtoto mmoja akitapika, uvumi unaufikia mji mzima kabla ya saa sita, na safari ijayo wazazi wanawaficha watoto. Mwalimu hana mafunzo ya kutuliza hali hiyo. Muuguzi anayo.

Na hata siku ya dawa ikienda vizuri, kidonge hakizuii maambukizi mapya. Jumamosi mtoto anarudi mtoni, kwa sababu nyumbani hakuna bomba. Hapo ndipo kazi ya kukuza afya inapoanza, na haihusiani na mabango ukutani. Ni mtu wa kukaa na mvulana wa darasa la sita na kumweleza kwamba damu kwenye mkojo haina uhusiano wowote na kubaleghe. Ni mwanamke ambaye msichana anaweza kumweleza siri ambayo hawezi kumtajia mwalimu wa kiume mbele ya darasa. Ni mtu wa kuzungumza na wazee wa kijiji kuhusu sehemu ya kuogea na sehemu ya kuchota maji, kuisukuma bodi ya shule ijenge choo kabla ya kujenga lango jipya, na kurudi baada ya miezi mitatu kuangalia kama lililokubaliwa limefanyika. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la kuwatibu angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule katika maeneo yenye kichocho. Tunaweza kulifikia lengo hilo mwaka baada ya mwaka na bado tuwe na watoto walewale wenye vimelea vilevile, kwa sababu tumenunua vidonge na hatukumweka mtu.

Suala la wasichana linahitaji ujasiri zaidi. Sheria ya 2011 iliharamisha ukeketaji, lakini katika baadhi ya jamii za kaunti hii bado unafanyika kwa kificho, na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo hatari kubwa zaidi. Shule zikifunguliwa Januari, mwalimu huona dawati tupu na kuandika kwamba mwanafunzi hayupo. Muuguzi anayewajua wasichana wake angefika nyumbani wiki hiyo hiyo. Tangu 2017 sheria imeitaka serikali kuwapa wasichana wa shule za umma visodo bila malipo. Vinapofika, mtu wa kumwandaa msichana wa miaka 11 kwa hedhi yake ya kwanza ni nani? Mimba za utotoni nazo hazipungui kwa hotuba za siku ya wazazi.

Tunajua wazazi wengi na viongozi wa dini wana hofu kuhusu yale yatakayofundishwa, na hofu hiyo haifai kudharauliwa. Ndiyo sababu tunataka muuguzi anayejulikana, mwenye kukaa kwenye wadi, anayezungumza Kipokomo au Kiorma pamoja na Kiswahili, anayeweza kuketi na imamu na mchungaji kabla ya kuingia darasani, na ambaye mlango wa madrasa na duksi haujafungwa mbele yake. Watoto wa wafugaji wa Assa na Kone wanaohama na mifugo wakati wa kiangazi wanahitaji mtu atakayewafuata kwenye shule za bweni za gharama nafuu na kwenye malisho. Hata eneo ambalo Wapokomo na Waorma walimwaga damu mwaka 2012 na 2013 linaweza kufaidika na mtumishi ambaye watoto wa pande zote mbili wanamjua kama nesi wao. Hilo tunalisema kwa tahadhari, maana afya haimalizi ugomvi wa maji na malisho, lakini tunalisema.

Mtu atauliza kama jambo hili limewahi kufaulu mahali popote. Oktoba 1902, muuguzi Lina Rogers alipelekwa katika shule nne za New York zilizojaa watoto wa wahamiaji maskini. Madaktari walikuwa wakiwafukuza wenye upele, chawa na macho mekundu, na watoto hao walibaki mitaani bila matibabu. Rogers aliwatibu shuleni, kisha akaingia nyumbani kwao kuwaonyesha mama zao namna ya kuendelea. Katika mwaka mmoja kutokuwepo shuleni kwa sababu ya maradhi kulipungua kwa takriban asilimia 90. Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa Kenya, huko Busia, mradi wa dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998 ulichunguzwa na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, na mwaka 2004 walionyesha kwamba utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizopewa dawa. Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019. Hoja kwamba afya ya mtoto ni suala la elimu ilithibitishwa kwa watoto wetu wenyewe.

Kisingizio cha fedha tumekisikia sana. Jimbo la Garsen lina wadi sita: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Hatudai muuguzi kwa kila shule, maana tunaijua kaunti yetu, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 35,000 na watu 315,943 kwa sensa ya 2019. Tunadai muuguzi mmoja wa afya ya shule kwa kila wadi. Ni wauguzi sita. Wanne wapewe pikipiki, na wale wa vijiji vya mdomo wa mto wapewe boti na mafuta yake, kwa sababu Ozi haifikiki kwa pikipiki mto ukijaa. Kaunti inayoweza kugharamia magari na safari za maafisa wake haishindwi na mishahara ya watu sita. Wala isiambiwe kwamba wauguzi hawapatikani: Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba wa kuwapeleka wauguzi wake Uingereza, kwa maelezo kwamba wengi waliohitimu hawana ajira nyumbani.

Wengine watasema kazi hii tayari ina wenyewe, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 ambao Rais William Ruto aliwazindua Septemba 2023 na kuwapa mikoba yenye vipimo na simu. Tunawaheshimu, na posho yao ya Sh5,000 kwa mwezi, inayochangiwa na serikali kuu na kaunti, ni ndogo kwa wanayoyafanya. Lakini mgawo wao ni wa kaya. Wanazunguka nyumba kwa nyumba wakati watoto wako darasani, na hawaruhusiwi kufanya mengi ambayo leseni ya muuguzi inaruhusu. Muuguzi wa shule angekuwa mwenzao: wao wakileta habari za nyumbani, yeye akileta za darasani.

Wakati huo huo hata kinga chache zilizokuwapo zimelegea. Bima ya EduAfya, iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa wanafunzi wa sekondari za umma, ilisitishwa. Bima ya taifa ya afya, NHIF, nayo iliondoka Oktoba 2024 na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi yake. Sasa mwanafunzi hutegemea usajili na michango ya mzazi wake, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo iliyokosa, si mtu wa kudhaniwa kuwa na mchango huo mkononi. Bima inapopungua, kinga ndiyo inayobaki. Mwaka 2023 taifa zima lililia wanafunzi na mwalimu wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Mukumu, Kakamega, walipofariki kutokana na ugonjwa uliohusishwa na chakula na maji yenye vimelea. Tulisema isitokee tena. Kusema hakujaleta mtu wa kukagua jiko na tangi la maji kila wiki katika shule za bweni za Tana Delta.

Kwa hiyo Wizara ya Afya, Wizara ya Elimu na serikali ya kaunti iliyoko Hola zitie saini makubaliano ya maandishi yatakayosema wazi kwamba muuguzi wa afya ya shule ni mwajiriwa wa kaunti, anaripoti kwa idara ya afya, na ana haki ya kuingia shuleni na kupewa kipindi kila wiki. Bodi ya Huduma za Umma ya Kaunti itangaze nafasi hizo sita kwa ajira ya kudumu. Wale walioajiriwa na bodi za shule za bweni watambuliwe, na Baraza la Wauguzi liyahesabu mafunzo yao ya kukuza afya katika alama wanazohitaji ili kuhuisha leseni. Mpaka ajira zikamilike, kaunti iwateue sasa hivi wauguzi wa zahanati watakaokuwa na siku maalumu za shule, na iwape wasaidizi wa kuziba nafasi zao siku hizo. Wakuu wa shule nao waache kuiona saa ya muuguzi kama saa iliyoibwa kutoka kwa mtihani.

Mzazi wa Garsen, una nguvu katika jambo hili. Kila mwaka serikali ya kaunti hupaswa kuwasilisha makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria inakupa haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Kikao cha wadi yako kikiitishwa, hudhuria. Mwulize mwakilishi wako fedha za muuguzi wa shule ziko ukurasa gani wa bajeti, na usikubali kuondoka kabla jibu lake halijaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.